Kabla Hujanunua Kufuli: Kulinda Baiskeli za Mlimani kwenye Stoo ya Uani

Wezi waliokuja kwangu hawakugusa kufuli. Asubuhi nilipotoka na kikombe cha chai mkononi nililikuta linaning'inia palepale, limefungwa, hata vumbi lake halijafutika. Mlango mzima. Lakini nyuma ya stoo, upande wa migomba, mabati mawili yalikuwa yamekunjwa pembeni kama pazia, misumari sita imewekwa chini kwa ustaarabu kabisa, na ndani baiskeli mbili kati ya tatu hazipo. Waliyoiacha ni ya mwanangu wa mwisho, yenye tairi za inchi 20 na pancha mbele.

Fundi wa kuchomelea niliyemwita siku hiyo alizunguka stoo mara moja tu. Akabonyeza bati kwa kidole gumba, likabonyea. Akaniangalia.

"Bosi, mlango wako mzuri sana. Nyumba yake ndiyo sijaiona."

Nilinuna, lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimetumia pesa yangu kinyumenyume: kufuli kubwa kwanza, mlango wa pili, na kuta sikuzifikiria kabisa. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo. Kufuli linakuja hatua ya 6.

Niko Moshi, na hapa baiskeli ya mlimani (au baiskeli ya gia, kama wengi wanavyoiita) ina kazi kweli. Ukitoka mjini kupanda Kibosho au Materuni unapita njia za migombani zenye mawe na mizizi, na kurudi ni kushuka tu ukiwa umeshikilia breki mpaka vidole vinauma. Jumapili tunaingia msitu wa Rau kuangalia mbega. Nyingi ya baiskeli hizi tunazinunua mtumba: za zamani zina gurudumu la inchi 26, za karibuni ni 27.5 au 29. Ziwe mtumba au mpya, nje ya nyumba ni mzigo mwepesi, unauzika haraka, tena unajiendesha wenyewe kuondoka. Mwizi wa friji anahitaji gari. Wa baiskeli anapanda tu.

Hatua ya 1: Ijue baiskeli yako kwa namba

Hii fanya leo, kabla ya kushika nyundo. Igeuze baiskeli, magurudumu juu. Chini ya fremu, pale ekseli ya pedeli inapopita, kuna namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye baadhi ya fremu iko shingoni chini ya usukani, au nyuma karibu na gurudumu. Mtumba mara nyingi umepakwa rangi juu ya namba. Safisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, sugua chaki palepale, kisha pangusa juu juu: chaki itabaki kwenye mashimo ya tarakimu nawe utazisoma nyeupe. Piga picha ya namba, na picha ya baiskeli nzima ubavuni upande wa gia, na picha ya kila kovu: mkwaruzo, stika, siti iliyoshonwa. Jitumie picha hizo kwa barua pepe, maana simu nayo huibiwa.

Ukienda kununua ukakuta namba imesuguliwa kwa tupa, ondoka. Usijiulize mara mbili hata kama bei inatamanisha. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kijana aliyekuuzia pale kijiweni hatakuwepo siku ukihojiwa. Na ukinunua mtumba halali, mwombe muuzaji akuandikie karatasi: namba ya fremu, bei, tarehe, jina lake na saini. Wengine watakucheka. Waache wacheke, ilimradi wameandika.

Kisha fanya kitu ambacho watu wengi hawakifanyi. Vua raba ya usukani upande mmoja. Kama inang'ang'ania, ingiza bisibisi bapa pembeni na udondoshe maji ya sabuni. Usukani ni bomba, ndani ni tupu. Andika jina na namba yako ya simu kwenye karatasi, ifunge kwa nailoni, ikunje iwe kama sigara, isukume ndani, ziba kwa kipande cha sponji, rudisha raba. Mwizi atabandua stika na atapaka rangi upya. Ndani ya usukani haangalii.

Hatua ya 2: Zunguka stoo yako kama mtu anayetaka kuingia

Nenda jioni, mikono mitupu kwanza, halafu rudi na bisibisi. Kila skrubu unayoiona kutoka nje ni mlango. Kila msumari wa bati ambao kichwa chake kinanyanyuka kwa ukucha wa nyundo ni mlango. Sukuma bati, vuta mbao, tikisa fremu ya mlango uone kama inacheza ukutani. Angalia paa: kama mtu anaweza kusimama juu ya tenki la maji au ukuta wa jirani akafikia bati la juu, basi paa nalo ni ukuta. Mwisho piga magoti uangalie chini. Stoo nyingi za mabati zimesimamishwa juu ya udongo bila msingi, na mbwa mwenye bidii anachimba akaingia.

Andika udhaifu wote, kisha upange kwa swali moja: ni upi unaofunguka haraka zaidi bila kelele? Anza na huo. Kwangu ulikuwa ukuta wa nyuma, usioonekana kutoka dirisha lolote la nyumba.

Hatua ya 3: Kuta na paa

Kama una uwezo wa kujenga kwa bloku za inchi 6, jenga, kisha ruka hadi sehemu ya paa hapa chini. Sisi wengine tuna mabati juu ya mbao, na mabati yanaweza kusaidiwa.

Misumari ya bati ng'oa, tia boliti zenye kichwa cha duara laini kisichoshikwa na spana, nati na washa pana zikae ndani. Si lazima kila mahali. Pembe zote na maungio ya bati na bati yanatosha, kila sentimita 40 hivi. Kisha ndani, kwa ukuta uliojificha, funga wavu mzito wa chuma, ule wa kuchomelewa, si ule wa kuku, kwenye nguzo za mbao kwa boliti hizohizo. Mtu akikata bati kwa mkasi atakutana na wavu, na wavu unamlazimisha akate waya mmoja mmoja. Fundi wangu alipendekeza pia flati baa mbili za kulala, moja magotini na moja kifuani, zipite nyuma ya wavu kutoka nguzo hadi nguzo. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko lile kufuli langu la kwanza.

Paa: boliti vilevile kwenye kingo, na ondoa kinachotumika kama ngazi. Dirisha, kama lipo, liwe juu, dogo, lenye nondo, na kioo kipakwe rangi nyeupe kwa ndani. Mwanga unaingia, jicho haliingii.

Hatua ya 4: Mlango

Nina mambo matatu ya mlango, na kufuli halimo.

La kwanza ni bawaba. Kama mlango unafunguka kwa nje, bawaba ziko nje, na pini ya bawaba hupigwa kwa msumari na nyundo ikatoka chini. Mlango mzima unafunguka upande usio na kufuli, na kufuli linageuka kuwa bawaba. Mwambie fundi achomelee vichwa vya pini juu na chini. Ni kazi ya dakika tano.

La pili ni yale masikio ya kufuli, vipande viwili vya chuma ambavyo kufuli hupita katikati yake. Ukiyafunga kwa skrubu fupi za mbao, mtarimbo unayang'oa na kufuli lake bado limefungwa. Yapitishie boliti ndefu mpaka ndani, nati ikae upande wa ndani, kisha ponda ncha ya boliti kwa nyundo ili nati isirudi. Kama mlango ni wa chuma, chomelea.

La tatu umeliona kwenye mageti ya maduka kila mji wa nchi hii: kasha la chuma linalolizunguka kufuli, lililo wazi chini tu, mkono unaingia na ufunguo kwa kupapasa. Linaudhi, hasa mvua ikinyesha umeshika mizigo. Lakini mkasi wa vyuma hauingii humo, na nyundo haifiki. Weka makufuli mawili, moja juu na moja chini, kila moja na kasha lake. Kufuli moja la katikati linaacha pembe ya mlango icheze, na pembe inayocheza ndipo mtarimbo unapoanzia.

Hatua ya 5: Nguzo ya zege

Kazi hii inachafua kuliko zote, na ndiyo ninayoiamini zaidi. Kuta na mlango vinachelewesha mtu. Akishaingia, baiskeli iwe imefungwa kwenye kitu ambacho hakiondoki.

Nilianza na wazo la wengi: nondo iliyokunjwa U, ikazamishwa sakafuni. Tatizo lake nililiona kwa jirani. Mnyororo unaofungwa chini unalala sakafuni, na mwenye mkasi mkubwa anaegemeza mpini mmoja chini, analala juu ya mwingine kwa uzito wa mwili wake wote. Mnyororo ulio hewani, usawa wa paja, unamlazimisha atumie nguvu za mikono peke yake. Ndiyo maana nilichagua nguzo.

Unahitaji bomba la chuma la inchi 3 lenye urefu wa mita 1.2, nondo ya milimita 16, nusu mfuko wa saruji (mfuko wa kilo 50), mchanga na kokoto. Fundi atoboe matundu mawili kwenye bomba, sentimita 60 kutoka juu ya sakafu itakapokuwa. Akunje nondo iwe pete, miguu yake miwili iingie kwenye matundu hayo mpaka ndani kabisa, kisha achomelee nje kuizunguka. Chini ya bomba apitishe vipande viwili vya nondo vilivyokatizana kama msalaba, vitokeze pande zote sentimita 12 hivi. Huo msalaba ndio mzizi. Bila huo nguzo inazungushwa na kuvutwa kama muhogo.

Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 50. Liwe mbali na ukuta kiasi cha baiskeli kukaa pande zote mbili, na lisiwe katikati kabisa, utalijutia ukiingiza toroli. Changanya zege kwa ndoo: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Maji kidogo kuliko unavyodhani. Zege la uji uji halishiki. Simamisha bomba, pima wima kwa pima maji, jaza shimo ukishindilia kwa kipande cha mbao ili mapovu ya hewa yatoke. Kisha jaza bomba lenyewe mpaka juu, na kabla halijakauka zamisha nondo nyingine ndefu ndani yake. Atakayekuja na msumeno wa chuma atakata bomba, akute zege, akute nondo, na meno ya msumeno yatakuwa yamekwisha.

Funika kwa gunia bichi na ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Watu wengi huharibu hapa: wanaona zege limekuwa gumu siku ya pili wanaliacha likauke na jua. Ugumu wake kamili unahesabiwa siku ya 28. Mimi nilianza kufungia baiskeli wiki ya pili, bila kuitikisa. Shimo lote, likijaa, linakaribia kilo 190 za zege.

Kama stoo si yako, ni ya kupanga, mwambie mwenye nyumba kwanza. Wangu alikubali mara moja, akauliza tu kama siku nikihama nguzo inabaki. Nikamwambia, "Mzee, hata tukitaka kuihamisha tutaanzia wapi?"

Hatua ya 6: Sasa kufuli na mnyororo

Waya uliosokotwa ukavikwa plastiki ya rangi, wenye namba za kuzungusha, ni wa kumfungia mtoto baiskeli nje ya duka la mkate dakika tano. Hukatwa kwa mkasi mdogo. Mnyororo wa dukani wa kufungia ng'ombe nao ni chuma laini, unakatika. Unachotafuta ni mnyororo wa chuma kilichokomazwa, unene wa pingili usiopungua milimita 10, bora 12 au zaidi kwa kuwa huubebi popote. Kipimo cha kienyeji: jaribu kuukwaruza kwa tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekomazwa. Ikila, rudisha.

Una ndugu Uingereza anayekuja likizo? Mwagize kufuli la baiskeli lenye alama ya Sold Secure, daraja la Gold au Diamond. Uholanzi alama yao ni ART, yenye nyota. Hao huwapa watu wayavunje kweli kabla ya kuyapa daraja. Mwambie mapema, maana kufuli hilo ni zito na atalalamika kuhusu kilo za ndege.

Grinda ya betri inakata karibu kila kitu nilichotaja, sitakudanganya. Inakata kwa kelele na cheche, na mwenye nayo hapendi kufanya hivyo usiku wa manane hatua kumi kutoka chumba chako cha kulala. Ndiyo maana stoo iliyo karibu na dirisha la chumba ni salama kuliko ile nzuri iliyo mwisho wa kiwanja.

Kufuli la nje lilainishwe, lakini siyo kwa mafuta ya kupikia wala grisi. Vumbi la Moshi linageuza grisi kuwa simenti. Saga risasi ya penseli, puliza unga wake kwenye tundu la ufunguo. Walioko pwani, Tanga, Unguja, Mombasa, chumvi ya hewani inakula chuma, kwa hiyo kufuli lenye mwili wa shaba litakaa zaidi.

Hatua ya 7: Kufunga baiskeli zaidi ya moja

Mnyororo upite kwenye fremu, kwenye pembetatu. Usifunge gurudumu peke yake. Baiskeli nyingi za mlimani gurudumu la mbele linatoka kwa kubinua kishikio bila spana, na mtu atakuachia gurudumu moja safi lililofungwa kwenye nguzo. Upitishe kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, urefu ukibaki ushike na la mbele.

Zikiwa mbili au tatu, zipange kichwa na mkia: moja inatazama mlango, ya pili inatazama ukuta, pedeli ya moja iingie katikati ya fremu ya nyingine. Mnyororo mmoja uzipitie zote. Hata kama angeng'oa nguzo, hapiti mlangoni na chuma kilichosokotana hivyo. Jaribu mwenyewe kutoa usiku bila taa, utatukana.

Mkisafiri wiki nzima, toa magurudumu ya mbele na siti, viingize ndani chini ya kitanda.

Hatua ya 8: Usimsaidie

Ukiangalia stoo yangu ya zamani ungecheka. Mtarimbo ulikuwa humo, msumeno wa chuma, ngazi imeegemea ukuta wa nje, spana zote zimepangwa. Mwizi angeweza kuja na mikono mitupu. Zana zikae ndani ya nyumba, au kwenye sanduku lililofungwa na nguzo hiyohiyo. Ufunguo wa akiba usiwe chini ya chungu cha maua, juu ya fremu ya mlango, wala kwenye kiatu cha zamani barazani. Upeleke kwa dada au rafiki, mtaa mwingine.

Usioshee baiskeli nje ya geti. Alama za tairi zenye tope kutoka barabarani mpaka mlango wa stoo ni ramani. Picha ya baiskeli mpya kwenye status ya WhatsApp, yenye ukuta wenu wa rangi ya kijani nyuma, ni ramani nyingine. Na kama unatumia Strava kurekodi safari, ingia kwenye mipangilio ya faragha ufiche mwanzo na mwisho wa njia. Kila safari yako inaanzia mlango gani? Wa kwako.

Taa ya sola inayowaka mtu akipita, nzuri. Mbwa, nzuri zaidi, ingawa wangu usiku ule alilala kama mzigo na sijawahi kumsamehe. Kifaa kidogo cha kufuatilia kama AirTag kifiche chini ya siti ukipenda, ila elewa kinavyofanya kazi: hakina GPS yake, kinategemea simu za iPhone zinazopita karibu. Mjini kitaongea. Baiskeli ikipelekwa kijijini kinanyamaza.

Hatua ya 9: Na baiskeli yenyewe isioze humo ndani

Chini ya bati saa nane mchana ni tanuri. Raba inapasuka ubavuni, gundi ya viraka inalegea, na kama tairi zako hazina tyubu, ile dawa ya maji ya kuziba matundu inakauka ndani ya miezi michache. Kwenye joto, mapema zaidi. Acha upenyo wa hewa juu ya ukuta, uzibwe kwa wavu. Usiache tairi bila upepo, fremu ikilalia rimu tairi inakunjika palepale kila siku. Cheni ifute vumbi ndipo uipake mafuta, tone moja kila pingili, na ufute yanayobaki. Wenye baiskeli za umeme, betri ilale ndani ya nyumba mahali pa baridi, ikiwa na chaji nusu hivi, na usiichaji kwenye stoo yenye dumu la petroli la jenereta.

Ukitundika kwa gurudumu kuokoa nafasi na breki ni za mafuta, ukiishusha binya breki mara kadhaa kabla ya kupanda. Hewa inaweza kuwa imesogea kwenye bomba. Jua hilo kabla ya mteremko wa Kibosho.

Mara moja kwa mwezi nazunguka stoo na bisibisi yangu. Nakaza nati, natikisa masikio ya kufuli, naangalia kama panya wamekula siti. Robo saa.

Ikiibwa hata hivyo

Usiguse kitu mpaka umepiga picha. Kisha kituo cha polisi, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kenya utaomba namba ya OB. Wape namba ya fremu, ndiyo itakayotofautisha baiskeli yako na nyeusi nyingine zote. Mjulishe mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Halafu, siku hiyohiyo, pita kwa mafundi baiskeli wa mitaa ya karibu, wote, mmoja mmoja, na picha. Baiskeli ya wizi inahitaji kubadilishwa rangi, siti, usukani, na kazi hiyo inaishia kwa fundi. Waambie una RB, na waachie namba ya simu.

Kwangu alipiga simu fundi wa mtaa wa tatu, siku ya 11. Baiskeli ya mke wangu ilikuwa imeletwa kupakwa rangi nyekundu, na kijana aliyeileta alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri. Nilikwenda na askari. Njiani nilitamani kupiga kelele za mwizi, na nashukuru sikupiga. Mtaa wetu ukisikia neno hilo mawe hukusanyika kabla ya maswali, na kijana yule, ilivyojulikana baadaye, aliinunua kwa mtu mwingine na hakuwepo usiku ule. Mwite polisi, simama pembeni, nyamaza.

Yeye alishikilia kuwa ni yake, ameinunua Arusha miaka miwili iliyopita. Namba ya fremu ilikuwa imeshasuguliwa. Fundi akavua raba ya kushoto ya usukani, akachokonoa sponji kwa spoku, akavuta karatasi. Ile nyingine, ya kwangu, sikuwa nimeiwekea, na haijarudi.

Kwa hiyo ukiitwa kutambua baiskeli beba RB, picha, karatasi ya mauzo, na bisibisi bapa.